Vijana Balehe, Msongo wa Mawazo na Migogoro ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo wazazi, walezi na vijana wenyewe hurudia kumuuliza mshauri nasaha. Kila jibu linajitegemea, na yamepewa namba ili pale jambo lilipokwisha kuelezwa msomaji aelekezwe huko badala ya kurudiwa.

## Mambo ya msingi

1. Kijana balehe ni mtu wa umri gani?

Shirika la Afya Duniani huhesabu miaka 10 hadi 19. Ndani ya muda huo mna watu wasiofanana hata kidogo, kwani mmoja bado anataka taa iwake anapolala na mwingine anakaribia kujitegemea. Majibu ya hapa yanawalenga zaidi wenye miaka 12 hadi 17, umri ambao malalamiko mengi ya wazazi huanzia.

2. Msongo wa mawazo ni nini, na je, kila msongo una madhara?

Ni namna mwili na akili vinavyojiandaa kukabili jambo linaloonekana kumzidi mtu nguvu. Ubongo ukihisi tishio, homoni za adrenalini na kotisoli huongezeka katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza na fikra zote hukusanyika kwenye jambo moja. Kwa muda mfupi hali hiyo ina manufaa, na kijana anayetetemeka kabla ya mtihani kisha akatulia baadaye hana ugonjwa wowote.

Madhara huanza pale mwili usipopata nafasi ya kurejea katika hali yake, hofu ya leo ikaungana na ya jana. Hapo huja usingizi wa mang'amung'amu, usahaulifu, hasira za karibu, na maumivu ya kichwa au tumbo. Vijana wengi hulalamikia tumbo kabla ya kulalamikia huzuni. Maumivu hayo ni ya kweli hata vipimo visipoonyesha kitu, na kumwambia kwamba anajisingizia ni kumfundisha asiseme tena.

3. Kwa nini mtoto aliyekuwa mtiifu amegeuka mkali ghafla?

Sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na msisimko hushika kasi mapema wakati wa balehe, ilhali sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hupima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Maelezo haya hayamwondolei kijana wajibu wa matendo yake. Yanaeleza tu kwa nini anaweza kutoa hoja nzito saa nne asubuhi, kisha jioni akalia kwa sababu ya kaptula iliyopotea.

Sababu ya pili si ya ubongo. Kijana anajaribu kuwa mtu anayejiamulia, na mahali pekee anapothubutu kufanya jaribio hilo bila kuogopa kufukuzwa ni nyumbani. Ndiyo maana mtoto anayewafokea wazazi wake husifiwa adabu na walimu. Wazazi huudhika sana wakisikia sifa hizo, na wana haki ya kuudhika.

4. Je, ugomvi wa mara kwa mara ni dalili kwamba tumeshindwa malezi?

Hapana. Mwaka 1904 mwanasaikolojia wa Marekani G. Stanley Hall aliueleza ujana kuwa kipindi cha dhoruba, na wazo hilo limebaki vichwani mwa watu hadi leo ingawa tafiti za baadaye zimelipunguza makali: vijana wengi huvuka umri huu bila kuvunja uhusiano na wazazi wao. Uchambuzi mmoja uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba migongano huwa mingi zaidi mwanzoni mwa balehe, kisha idadi yake hupungua huku hisia zinazoambatana nayo zikizidi kuwa kali katikati ya kipindi hicho. Mzazi wa kijana wa miaka 15 anaweza basi kuona kwamba hawagombani mara nyingi kama zamani, ila wakigombana wanaumizana zaidi.

Linalostahili kuangaliwa ni kinachotokea baada ya ugomvi. Kuna nyumba ambazo watu hupaza sauti Jumatatu na Jumanne wanacheka pamoja, na kuna nyumba tulivu ambazo kijana hajamwambia mtu neno la maana kwa miezi. Mimi huihofia zaidi ile ya pili. (Tazama pia swali la 8.)

## Kuzungumza na kusikilizana

5. Kila nikimuuliza hali yake hujibu "sawa tu". Nifanyeje ili aseme?

Chukua tukio hili. Mzazi anarudi jioni, anasimama kwenye mlango wa chumba, mkoba bado begani, anauliza: "Shule vipi?" "Sawa tu." "Una tatizo lolote?" "Sina." "Mbona uso umekunjamana?" Kijana anageukia ukutani, na mazungumzo yamekwisha. Maswali yale hayakuwa na ubaya, ila mtu aliyesimama mlangoni akiuliza mfululizo hufanana na anayehoji, na anayehojiwa hujibu kwa mkato ili aachwe.

Vijana huzungumza kwa urahisi zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine, kwa mfano mnapoosha vyombo, mnapotembea au mkiwa safarini mmekaa ubavu kwa ubavu. Badala ya swali, taja ulichokiona: "Tangu wiki iliyopita sijakuona ukigusa daftari lako la michoro." Kisha nyamaza, na usijibu kwa niaba yake. Sekunde kumi za ukimya humwelemea mzazi, lakini kwa kijana ndizo anazopimia kama kweli unataka kusikia.

Akianza kusema, zuia ulimi usitoe suluhisho. Muulize: "Unataka nikusikilize tu, au tufikiri pamoja la kufanya?" Swali hili linaonekana dogo, lakini limeokoa mazungumzo mengi ambayo yangekatizwa na nasaha ya dakika ya kwanza.

6. Anachokililia ni kitu kidogo mno. Je, nimwambie hivyo?

Usimwambie. Kijana aliyeondolewa na wenzake katika kundi lao la ujumbe anaumia kama mtu mzima aliyetengwa kazini, na kuambiwa kwamba "enzi zetu hatukuwa na mambo hayo" humpa taarifa moja tu, kwamba amekosea kuchagua wa kumwambia. Kuyakubali maumivu yake hakukulazimishi kukubaliana na tafsiri yake ya tukio. Unaweza kusema, "Naona limekuumiza," na swali la nani mwenye makosa likasubiri kesho.

7. Ni mambo gani niyasimamie na yapi nimwachie?

Hapa ndipo kiini cha ugomvi mwingi kilipo. Mwanasaikolojia Judith Smetana, aliyechunguza migongano ya vijana na wazazi kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba pande hizi mbili mara nyingi hazipingani juu ya wema na ubaya, bali juu ya mpaka. Mzazi akiona nguo zimetapakaa sakafuni anaona utaratibu wa nyumba umevunjwa, ilhali kijana anaona chumba chake na mambo yake. Kila mmoja anajibu swali tofauti, na ndiyo maana sauti hupanda bila yeyote kumshawishi mwenzake.

Yatenge basi mambo kabla ya kuyagombania. Yanayogusa usalama wake, kama vile dawa za kulevya, kupanda gari la dereva aliyelewa au kukutana peke yake na mtu asiyemjua, na yanayowadhuru wengine, kama kumpiga mdogo wake au kuiba, ni ya mzazi kuamua, naye aeleze sababu. Yale ya mwilini na moyoni mwake, kama mtindo wa nywele, muziki anaoupenda au rangi ya ukuta wa chumba, mwachie. Sijaona bado mtindo wa nywele uliostahili ugomvi wa wiki mbili.

Yanayobaki katikati ni saa ya kurudi nyumbani, zamu za kazi, matumizi ya simu na usafi wa chumba. Hayo ni ya kujadiliana, na mpaka wake husogea kadiri umri unavyokwenda. Mwambie tangu mwanzo nini kitaufanya usogee: "Ukirudi saa tuliyokubaliana kwa mwezi mzima, tutaongeza nusu saa." Tafiti zilizoanzishwa na Diana Baumrind katika miaka ya 1960 zilitofautisha malezi ya kuamrisha tu, ya kuachia tu, na yale yanayounganisha upendo, maelezo na msimamo. Ni haya ya mwisho ambayo mara nyingi yameambatana na vijana wanaojiamini na wanaojimudu.

8. Nilimfokea na kumtolea maneno mabaya. Je, mzazi amwombe mtoto radhi?

Ndiyo, na mapema. Radhi inayofaa hutaja kosa lenyewe: "Jana nilikuita mvivu. Neno lile halikuwa la haki, na naomba radhi." Usiongeze "lakini wewe nawe", kwa sababu neno hilo hufuta yote yaliyotangulia. Kama kuna suala ambalo halijamalizika, lipe wakati wake: "Kuhusu kazi ya shule, tutazungumza kesho jioni."

Wazazi huogopa kwamba kuomba radhi kutawapunguzia heshima. Nilivyoona mimi, mamlaka ya mzazi hupunguzwa zaidi na kosa ambalo kila mtu ndani ya nyumba analijua na hakuna anayeruhusiwa kulitaja.

9. Akinijibu kwa matusi au kubamiza mlango, nimwadhibu papo hapo?

Hasira ikiwa juu, hakuna anayefundishika, wewe wala yeye. Sema kwa sauti ya chini kwamba mtazungumza, taja saa, kisha ondoka na urudi saa hiyo uliyoitaja. Usiporudi, atahesabu kwamba umesusa. Mkiwa mmetulia, tenganisha tusi na lalamiko lililokuwa nyuma yake: tusi halikubaliki, lalamiko lisikilizwe.

Kipigo hakisaidii. Tafiti za miaka mingi zimekihusisha na ukali zaidi na uhusiano dhaifu zaidi kati ya mtoto na mzazi, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 katika ibara ya 19 unazitaka nchi zimlinde mtoto dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili akiwa chini ya uangalizi wa wazazi au walezi. Kijana mwenyewe akimpiga mtu au kuvunja vitu, ondoa kwanza wadogo na wewe mwenyewe mahali pa hatari, na utafute msaada wa mtu mzima mwingine anayemheshimu. Hali hiyo ikijirudia, imeshavuka kiwango cha kumalizwa na familia peke yake.

## Masomo, usingizi na simu

10. Nimsaidieje wakati wa mitihani bila kumwongezea shinikizo?

Punguza idadi ya mara unazoutaja mtihani. Kijana anayesikia habari za mtihani wakati wa kula, kuoga na kulala hana mahali pa kupumzikia. Msaidie kuigawa kazi katika vipande vidogo vyenye muda maalumu, na baada ya kila kipande awe na mapumziko ya kweli. Kabla matokeo hayajatoka, mwambie waziwazi nafasi yake nyumbani itakuwaje akifeli. Wengi hudhani wanalijua jibu, na jibu walilonalo ni baya kuliko lako.

11. Halali mapema na asubuhi haamki. Je, ni uvivu?

Kwa sehemu kubwa ni mwili. Wakati wa balehe homoni ya melatonini, inayouashiria mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutolewa kwa kuchelewa kuliko utotoni, hivyo usingizi humjia baadaye ingawa saa ya shule haijabadilika. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku kwa wenye miaka 13 hadi 18, na anayepata saa 6 tu kila usiku kwa wiki nzima atakuwa na hasira ambazo hazihitaji maelezo mengine.

Yanayosaidia ni mwanga wa jua asubuhi, kuacha vinywaji vyenye kafeini kuanzia alasiri, na simu kulala nje ya chumba cha kulala. Sharti hilo la mwisho hukubalika kwa urahisi simu za wazazi nazo zikilala hukohuko.

12. Je, niipekue simu yake kwa siri?

Kwa kawaida, hapana. Watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr walionyesha mwaka 2000 kwamba wazazi wanayajua maisha ya watoto wao zaidi kwa sababu watoto wenyewe wameamua kuwaambia kuliko kwa sababu ya kufuatilia. Kijana akigundua kwamba ulipekua, chanzo hicho ndicho kitakachokauka, na huenda kikachukua muda mrefu kurudi. Kanuni za simu ziwe wazi na zitangazwe mapema, na ziwe kali zaidi kwa wadogo kuliko kwa wakubwa.

Ukiwa na sababu ya kweli ya kuamini kwamba maisha yake yako hatarini au kwamba mtu mzima anamrubuni, usalama hutangulia faragha. Hata hapo, mwambie unachokifanya na sababu yake.

## Migogoro ya watu wazima

13. Sisi wazazi hugombana usiku, mlango ukiwa umefungwa. Je, anajua?

Anajua. Anajua kwa namna sahani zinavyowekwa mezani asubuhi, na kwa kuona baba na mama wakisemeshana kupitia kwake. Asipopewa maelezo hujitungia, na katika maelezo hayo mara nyingi mkosaji ni yeye.

Kutofautiana mbele ya watoto si kosa lenyewe. Linalowaumiza ni ugomvi wa matusi, wa vitisho, wa kununiana kwa siku nyingi, au unaomhusu mtoto mwenyewe, na zaidi ule usioonekana ukiisha. Mkipatana, apate habari: "Jana ulitusikia. Tulikuwa tunazozana juu ya pesa, tumeshaelewana, na halikuhusu wewe." Palipo na kipigo kati ya wazazi, maneno haya hayatoshi, usalama wa walio hatarini unatangulia kila kitu.

14. Tumeamua kutengana. Tumwambieje?

Ikiwezekana na ikiwa salama, mwambieni wote wawili kwa pamoja, siku ambayo hakuna mtihani wala safari ya asubuhi yake. Semeni mambo manne: kwamba uamuzi ni wa watu wazima, kwamba hakuusababisha, kwamba hawezi kuubatilisha, na kipi katika maisha yake kitabaki kama kilivyo. Kijana atauliza juu ya shule, chumba na marafiki kabla ya kuuliza juu yenu. Huo si ubinafsi, bali anatafuta pa kukanyaga.

Ibara ya 12 ya mkataba uliotajwa katika swali la 9 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Kumsikiliza juu ya mahali atakapoishi ni haki yake. Kumwambia achague kati ya baba na mama ni kumtwika mzigo wenu.

15. Mwenzangu hajibu simu zangu, kwa hiyo namtuma mtoto. Kuna ubaya?

Upo. Anayebeba ujumbe hupokea hasira ya anayeupokea, na kila nyumba anayoingia anachunga maneno ya nyumba nyingine. Tumieni maandishi mafupi ya moja kwa moja, au mtu mzima mnayemwamini nyote. Vivyo hivyo, asigeuzwe rafiki wa kumlilia. Machozi yako ya ndoa yamfikie mtu wa rika lako.

16. Mimi ni mzazi wa kambo na ananikataa. Nifanye nini?

Usikimbilie kutoa adhabu. Kwa miezi ya mwanzo mwachie mzazi wake kazi ya nidhamu, nawe uwe mtu mzima mwenye heshima ambaye hataki kupendwa kwa nguvu. Kukukubali kunaweza kuonekana kwake kama kumsaliti mzazi asiyekuwepo, na ukimsema vibaya mzazi huyo umemthibitishia hofu hiyo.

## Hali zinazohitaji tahadhari

17. Nitaitofautishaje huzuni ya kawaida na sonona?

Angalia muda, upana na kilichopotea. Huzuni ya kawaida huwa na mapengo: kijana hucheka rafiki akija. Sonona hudumu kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na huenea shuleni, mezani na usingizini. Kwa vijana inaweza kujitokeza kama hasira isiyokoma badala ya machozi. Kuacha kitu alichokipenda, kujitenga na marafiki, kushuka ghafla kimasomo na maneno ya kujiona mzigo ni dalili za kumpeleka kwa mtaalamu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, takriban kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili.

18. Nimeona alama za kujikata mkononi mwake. Nianzie wapi?

Anza na jeraha: kama linahitaji matibabu, litibiwe. Kisha sema kwa utulivu, "Nimeziona alama. Sikukasirikii. Nataka kujua unapitia nini." Wengi hujidhuru ili kutuliza hisia zisizobebeka, bila nia ya kufa, lakini kujidhuru huongeza hatari ya kujiua baadaye, kwa hiyo kusichukuliwe kuwa mzaha wala kutafuta macho ya watu. Usimlazimishe kuahidi kwamba hatarudia, maana akirudia atakuficha. Tafuta mtaalamu wa afya ya akili, na uendelee na swali la 19.

19. Nikimuuliza kama anafikiria kujiua, si nitampa wazo hilo?

Hapana. Tafiti zilizochunguza hofu hii hazikuona kwamba kuuliza kunapanda wazo, na wengi hupata nafuu kwa sababu hatimaye kuna aliyethubutu. Uliza waziwazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Akikubali, uliza kama ana mpango na kama ana njia ya kuutekeleza.

Penye mpango au njia, usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu, silaha na vitu vyenye ncha kali mahali anapoweza kuvifikia, na umpeleke hospitali au upige namba ya dharura siku hiyohiyo.

20. Ameniomba nisimwambie mtu. Je, nitunze siri?

Usiahidi kabla ya kusikia. Jibu la haki kwa mwalimu, shangazi au rafiki wa familia ni hili: "Nitalitunza, isipokuwa kama maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini. Hapo nitamwambia anayeweza kusaidia, na wewe utajua kabla sijamwambia." Kama anachokisema ni kwamba anadhuriwa na mtu wa nyumbani, habari hiyo isirudishwe kwa mtu huyo, bali ipelekwe kwa vyombo vya ulinzi wa mtoto.

21. Amekataa kabisa kumwona mshauri. Nimlazimishe?

Isipokuwa kwa hatari iliyoelezwa katika swali la 19, kumburuta hakufai, kwani atakaa saa nzima akitazama dirisha. Mpe uchaguzi ndani ya uamuzi: mshauri mwanamume au mwanamke, na wewe ukiwa ndani au nje. Mwombe ajaribu mara tatu, kisha mtathmini pamoja. Akikataa hata hivyo, nenda wewe. Mzazi akibadili namna anavyojibu, ugomvi nao hubadilika, kwa sababu ulikuwa na watu wawili.

22. Mimi ndiye kijana, na nyumbani hakuna anayenisikiliza. Nifanyeje?

Chagua wakati ambao mzazi hana haraka, na umwambie kwanza unachotaka kutoka kwake: "Naomba unisikilize dakika kumi, usinijibu mpaka nimalize." Ikiwa maneno hukwama kooni, andika barua, wazazi wengi husoma mara mbili kile ambacho wasingekisikia mara moja. Ukishindwa nyumbani, tafuta mtu mzima mwingine, kama vile mwalimu, ndugu au muuguzi, na wa kwanza asipokuelewa nenda kwa wa pili. Kama unapigwa, unaguswa kwa namna usiyoitaka, au unafikiria kujiua, usisubiri wakati mzuri: mwambie mtu leo.